Kapu la joto: kulisuka, kulishona na kulipikia ukiwa na mtoto anayetembea

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Anatembea, anapanda, anavuta chochote kinachoning'inia, na moto kwake bado ni kitu kizuri chekundu. Nyumbani kwetu Tanga hatuli nyama wala samaki. Mume wangu amelelewa katika nyumba ya Wasabato wasiokula nyama, nami nilipoolewa nikakizoea chakula hicho hadi kikawa changu. Kwa hiyo jiko letu ni la mbaazi, kunde, maharage, choroko na dengu. Maharage na mbaazi kavu zinataka moto wa saa mbili na zaidi, na saa mbili za jiko la mkaa uani, mtoto akiwa macho, ni saa mbili za kukaa roho juu.

Bibi yangu mzaa mama alisuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mikeka na makapu, maisha yake yote. Alisuka akitembea kwenda kwa jirani, alisuka akisimulia, alisuka mjukuu kalala mapajani. Nilipopata mtoto ndipo nilipoelewa kwa nini kazi ile ilimfaa. Ukili unaachika. Mtoto akilia unaubana kwa kibanio cha nguo, unauweka chini hapo hapo, na ukirudi baada ya dakika kumi au siku kumi unaukuta pale pale ulipouacha. Kufuma kwa kulabu hakuachiki hivyo, maana uzi ukivutwa mara moja kazi ya jioni nzima inafumuka. Cherehani nayo ina sindano na inataka macho yako yote. Tangu hapo nimeishika kanuni moja: mtoto haachiki, basi kila kingine ninachofanya mchana lazima kiachike. Kazi ya mkono iachike, na chungu nacho kiachike.

Chungu kinachoachika ni kile kilichomo ndani ya kapu la joto. Unachemsha chakula kwa nguvu kwa muda mfupi, unaitia sufuria ndani ya kapu lililojazwa sufi (ile pamba laini ya msufi), unafunika kwa mto, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Moto unazimwa, na mkaa uliobaki unaufunika kwa jivu ukautumia jioni. Hapa naeleza kazi nzima: kusuka ukili, kushona kapu, kujaza sufi, na kupika ndani yake. Kama huna moyo wa kusuka, nunua kapu kubwa la ukindu sokoni uende moja kwa moja kwenye sehemu ya sufi. Kapu litafanya kazi vile vile, ila siku kumi za kusuka ndizo zilizonipa utulivu ambao nilikuwa nimeusahau.

Anza na sufuria, si na ukindu

Kapu linafuata sufuria. Chagua sufuria moja utakayoitumia siku zote, yenye mfuniko unaokaa sawasawa na masikio mafupi. Yangu ina upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 12, inabeba chini kidogo ya lita 4, na inatosha nusu kilo ya mbaazi kavu pamoja na maji yake. Sufuria yenye mkono mrefu haifai, mkono utatokeza nje na joto litapitia hapo.

Kuizunguka sufuria kunatakiwa sufi ya unene wa sentimita 8 hadi 10 kila upande: chini, pembeni na juu. Kwa sufuria yangu, kapu limekuwa na mdomo wa sentimita 40 na kina cha sentimita 30. Sufuria yako ikiwa kubwa zaidi, ongeza kwa hesabu hiyo hiyo. Usipunguze unene ili kuokoa sufi.

Utahitaji ukindu mafungu kadhaa, doti moja ya kanga zilizochoka lakini zisizotoboka, sufi karibu kilo moja na nusu, shazia (ile sindano nene ya kushonea magunia na mikeka), sindano ya kawaida, uzi imara, mkasi, na vibanio viwili vya nguo. Vibanio nitavieleza, usivione vidogo.

Ukindu: kuchagua, kuchana, kulowesha

Ukindu mzuri hutoka kwenye kuti changa la katikati, lile ambalo bado halijafunguka. Likikomaa linakuwa gumu na linavunjika. Kama unakata mwenyewe mkinduni, angalia shina la kuti: majani ya chini kabisa ni miiba, mirefu na mikali, na mwiba wake ukiingia mkononi huuma siku nyingi. Kata kwa panga dogo, toa miiba yote huko huko porini, usiilete nyumbani kwenye mtoto. Acha kila mti na makuti machanga mengine, ukikata moyo wote mkindu unadhoofika.

Tandaza majani juani kwa siku tatu hadi nne, ukiyageuza, mpaka yawe meupe yenye manjano kidogo. Usiku yaingize ndani, umande huyatia madoa meusi.

Kisha unachana. Toa ule uti wa katikati ya jani, halafu pasua kila upande upate chane zenye upana mmoja. Kwa kapu hili nataka chane pana, kama sentimita 1, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Chane nyembamba hutoa ukili mzuri wa msala, lakini hapa tunataka nguvu na kazi isonge. Chane zikitofautiana upana ukili utapinda kama nyoka, kwa hiyo kaa chini uzipange kabla hujaanza: pana peke yake, nyembamba peke yake.

Kuhusu rangi nasema kidogo tu. Rangi za unga za dukani huchemshwa na maji, chane zikatumbukizwa mpaka zikolee, kisha zikaanikwa kivulini. Kazi hiyo ifanye siku ambayo mtoto yuko kwa bibi yake au kwa shangazi, na sufuria ya rangi isirudi tena kupika chakula. Kapu langu la kwanza halina rangi kabisa, na sijalikosea heshima kwa hilo.

Chane kavu hukatika na pia hukata vidole. Usiku kabla ya kusuka, nyunyizia fungu la kesho maji, lifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, liache hadi asubuhi. Lisilowe chapachapa, maana ukili uliosukwa na chane zilizolowa sana hulegea ukikauka, ukaona mwanga katikati. Lowesha za siku moja tu. Zikikaa na unyevu siku mbili kwa joto letu la pwani zinaota ukungu.

Kusuka ukili wa chane saba

Chukua chane saba zenye urefu usiolingana. Hili ni la maana: zikiwa sawa zote zitaisha mahali pamoja, na hapo ukili utakatika. Funga ncha zake kwa uzi, kanyaga fundo chini ya kidole gumba cha mguu au libane kwenye mguu wa kiti, na uzitandaze kama vidole.

1. Shika chane nne kwa mkono wa kushoto na tatu kwa mkono wa kulia.
2. Chukua ya nje kabisa kushoto. Ipitishe juu ya inayofuata, chini ya inayofuata, juu ya inayofuata. Sasa imehamia mkono wa kulia, na kulia ziko nne.
3. Chukua ya nje kabisa kulia, uifanye vivyo hivyo kuelekea kushoto: juu, chini, juu.
4. Vuta kidogo kila mara, kwa nguvu ile ile. Rudia.

Kila chane inapofika ukingoni hukunjwa na kurudi ndani, na kunja hizo ndizo zinazofanya kingo za ukili. Zikunje zikae bapa, maana shazia itapita humo baadaye. Ukipoteza hesabu, angalia mikono: wakati wowote mkono mmoja una nne na mwingine tatu, na zamu ni ya wenye nne.

Chane ikikaribia kuisha, ikiwa imebaki urefu wa kidole, laza chane mpya juu yake, suka zote mbili kama moja kwa mizunguko mitatu, kisha iache ile ya zamani ining'inie nyuma. Usiunge chane mbili kwenye mzunguko mmoja. Mikia inayobaki utaikata kwa mkasi mwishoni.

Chane saba za sentimita 1 hutoa ukili wa karibu sentimita 5. Kupima tunatumia pima, yaani mikono yote miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Pima yangu ni kama mita 1.6. Kapu langu lilichukua pima saba na kitu, basi suka pima 8. Mimi nilisuka pima moja kwa siku, siku nyingine nusu, nikamaliza ndani ya siku kumi. Kila pima ikikamilika unaizungusha kama gurudumu na kuifunga kwa uzi.

Sasa vibanio vya nguo. Mwanzoni kila nilipoitwa ghafla nilikuwa nikiangusha ukili, na nikirudi nakuta mizunguko mitano imefumuka na sijui ni zamu ya chane gani. Siku moja mtoto aliuvuta akakimbia nao hadi mlangoni, ikapotea karibu pima nzima. Tangu siku hiyo kibanio kiko kwenye ukosi wa gauni langu. Nikiitwa nabana pale mikono ilipo, kwa sekunde moja, na ukili unakaa salama hata ukiburutwa. Kibanio cha pili kinabana chane nne upande wao ili nijue zamu.

Ukili ukikamilika, kata mikia, nyunyizia maji kidogo, na uusukume kwa chupa ya kioo juu ya sakafu ulainike na kunyooka.

Mtoto akiwa pembeni yako

Mtoto wa umri huu hataki vitu vya kuchezea, anataka kitu ulichoshika wewe. Kwa hiyo usimfukuze kwenye ukindu, mpe wake. Mimi nachagua chane tano pana, laini, zilizolowa vizuri, nazifunga fundo upande mmoja, na hizo ni zake. Anazipiga chini, anazivuta, anazitia kwenye kopo na kuzitoa. Wiki ya pili alianza kuzipitisha moja juu ya nyingine akiniangalia usoni. Chane kavu usimpe, ukingo wake unakata kama karatasi.

Mbali na chane, tandika jamvi na juu yake uweke vifuu viwili vitatu vilivyosuguliwa, upawa, mwiko, makopo yenye vifuniko. Vifuu vikigonganishwa vinatoa sauti nzuri, na mwanangu anaweza kukaa navyo robo saa nzima. Badilisha vitu kila baada ya siku mbili, vingine vifiche, vikirudi vinakuwa vipya.

Punje za mbaazi na maharage makavu zisiwe mchezo wake. Najua zinavutia na zinalia vizuri ndani ya kopo, lakini mtoto wa mwaka mmoja huzitia puani na masikioni, na punje ikilowa huko inavimba. Ndoo ya maji isiyofunikwa ni hatari hata maji yakiwa kidogo. Na mbuzi ya kukunia nazi itundikwe ukutani ukishamaliza tu, meno yake yako kwenye kimo cha uso wa mtoto. Shazia nayo ina kikopo chake juu ya kabati, na hushuka mtoto akishalala.

Jiko likiwa linawaka, mimi huchora mstari wa chaki sakafuni uani, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Mstari haumzuii mtoto. Unanizuia mimi kujidanganya: akifika kwenye mstari, nasimama, sisemi "rudi" nikiwa nimekaa. Dakika hizo ishirini za moto sisuki kabisa.

Kushona kapu

Kushona fanya wakati wa usingizi wa mchana au usiku. Anza na ukuta. Chukua ukili, uzungushe upate duara la mita 1.26, huo ndio mzingo wa kapu la sentimita 40. Ncha ya mwanzo ikunje kwa ndani kwa mshazari ili mzunguko wa pili uupande wa kwanza polepole. Sasa unashona ukingo kwa ukingo: shazia ipite ndani ya kunja ya ukili wa chini, kisha kunja inayotazamana nayo ya ukili wa juu, urudi chini. Kingo zikutane, zisipandane. Ukivuta uzi vizuri mshono unazama na ukili unaonekana kama umesukwa kipande kimoja. Endelea kuzunguka, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka upate bomba la kimo cha sentimita 30. Ni mizunguko sita. Mkeka nao hushonwa hivyo hivyo kwa kuzunguka, kisha bomba likapasuliwa na kutandazwa. Letu haturuhusu lipasuliwe.

Kitako ni vipande tisa vya ukili, kila kimoja sentimita 45, vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu kuwa mraba. Kabla ya kukata kila kipande, pitisha uzi upande huu na huu wa mahali utakapokata na ukaze, la sivyo kitafumuka mkononi. Kingo zote za mraba zizungushie utepe wa kanga. Kisha simamisha bomba juu ya mraba, lishone kuzunguka chini kwa uzi maradufu, na pembe nne zinazobaki nje zipinde juu uzishone kwenye ukuta kama masikio. Zinaimarisha pale panapochakaa kwanza. Mdomo wa juu malizia kwa utepe mpana wa kanga.

Sufi na kanga

Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Kutoka ya kwanza kata kipande cha urefu wa sentimita 136 na upana wa sentimita 56, kikunje kwa urefu kipate upana wa 28, kishone kiwe mfuko mrefu wazi upande mmoja. Huo ni mto wa pembeni. Kabla ya kujaza, shona mistari ya kusimama kila sentimita 15, kama vyumba, ili sufi isiteremke yote chini. Kutoka kanga ya pili kata duara mbili za sentimita 46 kwa mto wa chini, na duara mbili za sentimita 50 kwa mto wa juu. Mto wa juu ni mkubwa kuliko mdomo kwa makusudi: unasukumwa ndani na kuziba kila upenyo. Mimi niliweka upande wenye jina la kanga juu ya mto huo, ndilo linaloonekana jikoni kwangu kila siku.

Sufi itoe mbegu, ichambue kwa vidole mpaka ifunguke, kisha ijaze. Ijae lakini isishindiliwe kama gunia, maana kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyonaswa ndani yake. Vumbi la sufi linaruka na kuingia puani, basi kazi hiyo fanya nje, umejifunga kitambaa, mtoto akiwa mbali. Ukikosa sufi, matambara ya pamba yaliyokatwa vipande vidogo yanafaa, ila kapu linakuwa zito.

Tia mto wa chini, zungusha mto wa pembeni, weka sufuria tupu katikati. Inatakiwa ikazwe kama yai kwenye kiota. Kama kuna nafasi, ongeza kitambaa kilichokunjwa.

Kupika: mbaazi za nazi

Usiku chambua nusu kilo ya mbaazi kavu, ioshe, iloweke kwa maji mara tatu yake. Asubuhi yamwage maji hayo, suuza. Tia kwenye sufuria, weka maji yazidi mbaazi kwa vidole viwili. Sufuria inatakiwa ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kingi ndicho kinachobeba joto. Usitie nyanya wala ndimu sasa, ukali wake huzuia mbaazi kulainika.

Chemsha kwa moto mkali, toa povu, ziache zichemke hasa kwa dakika 20. Dakika tano za mwisho funika, mfuniko nao upate moto. Kisha fanya haya bila kuchelewa: epua, futa chini ya sufuria kwa kitambaa kibichi, angalia kwa macho yako kama hakuna kipande cha kaa kilichonata. Sufi inashika moto upesi mno, na kaa dogo linaweza kuunguza nyumba. Funga sufuria kwa kitambaa cha pamba, iteremshe kapuni, funika kwa mto wa juu, sukuma.

Mwanangu ndiye anayesukuma mto. Anaupiga kwa viganja viwili anasema "lala", kisha tunakwenda kutafuta chane zake.

Acha saa tatu. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua unatoa joto ambalo huwezi kulirudisha. Katika muda huo kuna nazi ya kukuna. Nazi moja kubwa inatosha: kamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu upate tui zito, liweke kando, kisha kamua tena kwa vikombe viwili upate tui jepesi. Kifumbu cha bibi, kile cha kukamulia tui, bado ninacho, nacho pia ni cha kusukwa.

Ukifunua, mbaazi ziwe laini za kupondeka kwa vidole. Rudisha sufuria motoni, tia kitunguu kilichokatwa, manjano kidogo, na tui jepesi, chemsha mpaka rojo lianze kushika. Hapo ndipo unapotoa chakula cha mtoto, kabla ya chumvi na pilipili. Zilizobaki tia chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuka, kisha tui zito, ukikoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lianze kuchemka. Ukiacha kukoroga tui linakatika. Tui zito lisiingie kapuni kamwe, likikaa saa kadhaa kwenye uvuguvugu linachacha. Tunakula na chapati au mahamri, siku nyingine na wali.

Maharage, hasa mekundu, yana sharti kali zaidi. Yana sumu inayoharibiwa na mchemko wa kweli tu, si na uvuguvugu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe yakitokota kwa dakika 20 kamili ndipo uyatie kapuni kwa saa tatu hadi nne. Maharage yaliyopashwa moto tu yakatiwa kapuni yanaweza kuumiza tumbo la nyumba nzima. Choroko ni rahisi: dakika 10 za moto, saa moja na nusu ya kapu. Wali wa wageni, mchele vikombe 4 kwa maji 6, uchemke dakika 5, ukae dakika 45. Hauungui na hautoi ukoko, kwa wale wasioupenda.

Kisamvu sikitii kapuni. Kinatwangwa na kuchemshwa bila mfuniko mpaka kiive hasa, ili sumu yake itoke na mvuke.

Mara ya kwanza kabisa nilitia sufuria ndogo iliyojaa nusu, nikaenda shughulini, nikarudi alasiri baada ya saa nane. Maharage yalikuwa na uvuguvugu wa mkono na yananuka, nikayamwaga yote. Sasa kipimo changu ni hiki: nikifunua kapu, sufuria iwe ya moto kiasi kwamba siwezi kuishika kwa mkono mtupu. Ikishikika, chakula hicho hakiliwi. Sivuki saa tano, silazi chakula kapuni usiku, na kila kinachotoka kapuni kinachemshwa tena kabla ya kuliwa.

Sahani ya mtoto

Mbaazi zake nazisaga kwa mgongo wa upawa mpaka ziwe ujiuji mzito, na kijiko cha tui. Pembeni mchicha uliokatwakatwa, na mwisho kipande cha chungwa, papai au embe. Tunda si la kupamba: madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi na mchicha huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vitamini C. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo mtoto hapewi chai, hata ya maziwa.

Kwa nyumba isiyokula nyama kuna jambo moja la kulisimamia, nalo ni vitamini B12, ambayo mimea haina. Mwanangu bado ananyonya, na atanyonya hadi miaka miwili na zaidi akipenda. Anakula yai mara kadhaa kwa wiki na anakunywa maziwa, lakini hayavuki nusu lita kwa siku, kwani maziwa mengi humjaza tumbo na kumnyima chuma. Nyumba isiyotumia mayai wala maziwa iongee na mhudumu wa kliniki ya mtoto kuhusu dawa ya B12, isingoje. Kadi ya uzito tunaipeleka kila mwezi.

Karanga hupewa zilizosagwa tu. Nzima, pamoja na korosho, zisubiri hadi miaka mitano, zinakaba.

Kulitunza kapu

Mvuke huingia kwenye mito kila ukipika. Itoe uianike juani kila baada ya siku mbili, na kapu lenyewe ligeuze mdomo chini kivulini. Kila mwezi fumua upande mmoja wa mto wa juu, ichambue sufi iliyoshikana, uongeze kiganja kimoja. Kanga zifuliwe bila sufi. Ukili wa mdomoni ndio unaochakaa mapema kwa sababu ya kushikwa, basi ule ukili uliobaki uweke darini, ukiwa umefungwa na kibanio chake, utauhitaji kabla ya mwaka kwisha.